Fungeni Banio Kabla Jua Halijachwa: Wosia kwa Vijana wa Usangu

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa barazani, mahali mlipozoea kunikuta. Miguu imeanza kuvimba na macho yanachoka mapema, ila kichwa bado kinakumbuka. Mashamba nimekwisha kuyagawa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kila mmoja wenu anajua mpaka wake. Kilichobaki hakina mpaka, nacho ndicho kinachonikosesha usingizi: maji ya mfereji wetu, yanayotoka mto Chimala. Hayo niliyagawa kwa mkono wangu tangu nikiwa kijana mwenye nguvu mpaka nilipokabidhi jembe. Najua nilipofanya vizuri, na najua nilipokosea. Wosia huu ni wa maji, na nataka msomewe wote pamoja, wa mjini na wa hapa nyumbani.

Kwanza niseme jambo ambalo wageni huwa hawalisemi. Mpunga ndio uliotutoa kwenye nyumba za nyasi. Mama yenu mkubwa alisoma ualimu kwa gunia za mpunga, tukauza mbili mbili kila muhula. Bati mnalolisikia likilia mvua inaponyesha ni la mpunga. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba kulima ni dhambi, au kwamba sisi Wasangu na wenzetu tuliohamia hapa ni wezi wa mto. Nilipozaliwa, Wabaluchi walikuwa wamekwisha kuchimba mifereji na kulima mpunga katika tambarare hii, na wazee wetu wakajifunza kwao. Baadaye likaja shamba la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 70, kisha Kapunga, kisha Madibira. Watu wakaja kutoka Unyakyusa, Ubena, Ukinga, Usafwa. Wafugaji wakashuka na ng'ombe kutoka Usukuma na Umasaini. Bonde likawapokea wote. Leo mchele wa Mbarali uko kwenye sahani za Dar es Salaam, na hiyo ni heshima.

Lakini bonde lilipokea watu bila kuongezewa maji. Milima ya Uporoto na Kipengere inanyesha mvua ile ile, na mito ni ile ile: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe. Yote inashuka kwa kasi kutoka mlimani, inafika tambarare inatulia, na hapo ndipo sisi tumekaa na mabanio yetu tukiisubiri.

Banio la zamani ninyi hamkuliona. Tulilijenga kwa magogo, matawi, mawe na udongo, wanaume wa mfereji mzima kwa siku mbili au tatu, tukiwa ndani ya maji ya kiuno. Mafuriko yakija yanalichukua, tunaanza upya. Tulikuwa tunalalamika sana. Lakini banio lile lilikuwa linavuja. Hata tungeziba vipi, maji yalipenya kati ya magogo yakaendelea na safari yake, na kijiji cha chini kikapata. Ubovu wa banio letu ndio uliokuwa haki ya jirani yetu, na hakuna kati yetu aliyelijua hilo wakati ule.

Miaka ya 90 tukajengewa banio la zege, lenye geti la chuma na gurudumu la kuzungusha. Siku linakabidhiwa tulichinja. Nikapewa ufunguo wa kufuli la geti, nikautia kamba nikauvaa shingoni. Zege halivuji, wajukuu zangu. Kiangazi mto ukiwa umepungua, banio lile liliweza kuuchukua mto wote na kuuingiza katika mfereji, na chini ya banio pakabaki mawe yanayokauka juani.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mwaka mmoja, mwezi wa nane, tulikuwa tumekwisha vuna. Mpunga uko stoo, majaruba ni mabua matupu. Nami niliacha geti wazi. Siwezi kusema nilikuwa na sababu kubwa. Watu walitaka maji ya kufyatulia tofali, akina mama walichota humo, ng'ombe wawili watatu walikunywa, na mimi niliona uzito wa kutembea mpaka banioni kila jioni kufunga maji ambayo, nilivyodhani, hayakuwa na mwenyewe. Yalikuwa yanatiririka usiku na mchana hadi kwenye mashamba yaliyovunwa, yanatuama, yanaota magugu.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mtu mzima kutoka vijiji vya chini, kandambili ameshika mkononi. Akaamkia vizuri, akakataa kiti. Akaniambia, "Baba, nimetoka kwetu alfajiri nikafuata mto. Nimetembea katikati ya mto wenyewe mpaka kwenye banio lako, na miguu yangu hii haijalowa." Akainua mguu mmoja nikauona. Ulikuwa mkavu, umepauka kwa vumbi la mchanga mpaka kwenye kifundo. Kisha akageuka akatazama mfereji wetu, ukiwa umejaa, bata wanaogelea. Hakuongeza neno. Aliomba dumu la lita 20 la maji, nikamjazia, akajitwika akaondoka.

Nimesemwa na wengi katika maisha yangu, na hata na wakubwa wa serikali. Hakuna aliyenisema kama mguu ule.

Mto wetu haufi pale mama yule alipotoka. Unapita tambarare yote na kuingia Ihefu, kile kinamasi kikubwa cha mashariki ambako mababu walikwenda kuvua kambale. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Ng'iriama, na mlango huo ni mwamba. Chukueni chungu kilichojaa maji, kiinamisheni kidogo: maji yakifika kwenye mdomo yanamwagika, yakishuka chini ya mdomo hata kwa unene wa ukucha, hayatoki hata tone, ijapokuwa chungu bado kina maji mengi. Ng'iriama ndiyo ule mdomo. Ihefu ikishuka chini ya mwamba, Ruaha Mkuu unakatika. Huku juu utaona bado kuna kinamasi, kuna ndege, kuna samaki, ukadhani mambo ni salama. Kule chini mto umekwisha.

Ulikatika mwishoni mwa kiangazi cha 1993. Wazee waliokuwa wakiishi kandokando ya hifadhi ya Ruaha walishangaa, maana walikuwa wameuzoea ukitiririka mwaka mzima. Tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka, wakati mwingine wiki chache, wakati mwingine miezi. Ndugu yangu mmoja aliyekuwa askari wa wanyamapori alinisimulia alivyokuta viboko wamesongamana katika dimbwi moja la tope, wamelaliana, migongo imepasuka kwa jua, na mamba wamechimba mashimo ukingoni wakajificha humo. Alisema wale viboko hawakumkimbia. Hawakuwa na pa kukimbilia.

Baada ya hifadhi kuna Mtera, kisha Kidatu. Mtera ina mitambo ya megawati 80, Kidatu megawati 204, na kwa miaka mingi nchi hii iliwasha taa kwa kutegemea sana mabwawa hayo mawili. Kila mgawo wa umeme ulipokuja, Usangu ilinyooshewa vidole. Haikuwa haki yote. Bwawa hujazwa na mafuriko ya masika, na mito mingine kama Ruaha Mdogo na Kisigo nayo humwaga Mtera. Wataalamu waliochunguza walikuta kwamba namna maji yalivyokuwa yakifunguliwa bwawani nayo ilichangia giza lile. Basi mkishutumiwa kwa msilolitenda, jibuni kwa adabu na kwa hesabu. Ila la kiangazi, la mto kukatika hifadhini, hilo ni letu. Tusilikimbie.

Tulitafuta wa kumtwika lawama. Tukamtwika mfugaji. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sisi wakulima tulinyamaza, wengine walifurahi. Mimi nilinyamaza, na ninaona aibu. Fanyeni hesabu hii wenyewe. Ng'ombe mzima anakunywa kama lita 40 kwa siku. Ekari moja ya jaruba ukiijaza maji ya kina cha sentimita 10 inabeba lita zaidi ya 400,000. Yaani ekari moja tu, kujazwa mara moja, ni maji ya kunywa ya ng'ombe 10,000 kwa siku nzima. Sisemi ng'ombe hawaharibu. Kwato zinakanyaga kingo na majani yanakwisha. Nasema mto haukunywewa na ng'ombe. Na miaka iliyofuata, ng'ombe walipokuwa wameondoka, mto uliendelea kukatika.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi mbele ya dunia kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Nilisikia nikafurahi sana. Mwaka 2010 ulifika, mto ukakatika kama kawaida. Ahadi ilikuwa nzuri, lakini geti la Chimala ufunguo wake ulikuwa shingoni mwangu, haukuwa Dar es Salaam.

Aliyenifungua macho hakutumia hotuba, alitumia gololi. Miaka ya mwanzo ya 2000 walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Uingereza, wakatuita wakulima wa juu, wa kati na wa chini katika chumba kimoja cha shule. Wakaweka ubao mrefu ulioinama, umechorwa mto katikati na mifereji pembeni. Gololi ndizo maji. Kila mtu akapewa kijiti cha kuwekea banio lake, na vishimo vya shamba lake vya kujaza. Nikapangiwa nafasi ya chini kabisa. Wakamwaga gololi nyingi, hiyo masika: tukajaza wote, tukacheka. Wakamwaga chache, hiyo kiangazi. Zilianza kuteremka zikilia kwenye ubao, za kwanza zikaingia kwa mtu wa juu, vishimo vyake vikajaa, akaendelea kuzikinga, zikarundikana pembeni ya shamba lake bila kazi. Kwangu ilifika moja. Moja tu, ikapita polepole ikasimama. Mimi mzee mzima, mgawa maji, nilipandwa na hasira ya kweli juu ya gololi. Nilitaka kumshika shati yule wa juu. Kisha nikageuza kichwa nikamwona mama mmoja wa kijiji cha chini ananitazama, wala hakuhitaji kusema kitu.

Jioni ile tulikubaliana zamu. Hazikushikwa kila mwaka, nitakuwa mwongo nikisema zilishikwa. Lakini miaka ziliposhikwa, maji yalifika chini. Nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayowaachia.

Baada ya mavuno, geti lifungwe. Liachwe wazi kidogo tu kwa maji ya nyumbani, nayo hayo ya nyumbani yatafutieni njia nyingine. Mfereji wetu ni wa udongo. Ili mama mmoja apate ndoo moja mwisho wa mfereji, mamia ya ndoo yananywewa na ardhi njiani. Kisima cha pampu ya mkono kijijini kinafanya kazi ile ile bila kuuteka mto. Mkichanga fedha za harusi mnachanga milioni. Changeni za kisima. Na mkiiomba halmashauri, ombeni visima kabla ya kuomba banio kubwa zaidi.

Limeni kwa akili zaidi, msilime kwa upana tu. Sisi tuliamini mpunga lazima uogelee tangu siku ya kwanza mpaka kuvuna. Haikuwa kweli. Hiki kilimo shadidi mnachofundishwa sasa, cha kupandikiza miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa sentimita 25 kwa 25, na kulowesha kisha kuacha udongo ukauke hadi upasuke kidogo, nilikidharau. Nilisema ni mchezo wa watoto. Mjukuu wangu wa kike akaomba jaruba moja la mwisho, lile la kona, akapanda hivyo mpunga wa SARO. Nilikwenda kila asubuhi kuona litakavyoshindwa. Shina moja lilitoa machipukizi nikayahesabu nikapoteza hesabu. Wakati wa kuvuna alinizidi, na zamu zake za maji zilikuwa chache kuliko zangu. Kilimo hiki kina kazi ya palizi, hilo msidanganywe, maana maji yakipungua magugu yanafurahi. Ila kwa vijana wenye nguvu hiyo si sababu.

Kuhusu vibali. Sheria ya maji ya 2009 inataka mwenye kuchepusha mto awe na kibali, na imetanguliza maji ya kunywa ya watu na maji ya kuuhifadhi mto wenyewe mbele ya mashamba. Ofisi ya Bonde la Rufiji iko Iringa, jumuiya ya watumia maji iko hapa hapa. Lipeni ada zenu, hudhurieni vikao. Ila nawaonya jambo moja. Kibali kinaandika lita kwa sekunde, na mto haujui kusoma. Mto ukipungua, mwenye karatasi atasema lita zangu ni hizi, atazichukua zote, na atakuwa amefuata sheria huku mwenzake anakufa. Ninyi gawaneni kwa mafungu. Mto ukiwa mkubwa, fungu lenu kubwa. Ukiwa mdogo, fungu lenu dogo. Na katika kila mgawo fungu moja ni la mto, halina mtu.

Pandeni mlimani pia. Pandeni ile barabara ya kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba, mkafike Kitulo, mkaone maji yanakozaliwa kati ya maua. Serikali iliifanya Kitulo kuwa hifadhi mwaka 2005, na kwa hilo naishukuru. Lakini nje ya hifadhi watu wanalima vinyungu, zile bustani za bondeni, mpaka kwenye jicho la chemchemi, wanapanda mikaratusi bondeni, na sasa parachichi linataka kumwagiliwa. Msiende kugombana nao. Nao wana watoto wa kusomesha kama nilivyokuwa nao. Ketini nao, kuleni nao viazi, waelezeni kwamba huku chini mnawategemea kama wale wa chini wanavyotutegemea sisi. Sheria ya mazingira imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli za kudumu. Tuanze sisi kuzitii, ndipo tuwaombe wao.

Na kwenye kamati ya mfereji wekeni wanawake, wawe na sauti. Wakati wetu tulikuwa wanaume watupu, tukigawa maji ambayo hatukuwahi kuyachota.

Mnaonunua pampu za petroli, nimewaona. Natambua kiu yenu ya kulima nyanya na vitunguu kiangazi, wakati bei iko juu. Mko sahihi kutafuta. Ila pampu kumi zikiwekwa ukingoni mwezi wa kumi ni sawa na banio la pili ambalo hakuna aliyelipigia kura. Kaeni muulizane mko wangapi kabla mmoja hajawasha. Mnayoyachota mwezi wa kumi ndiyo yale yanayohitajika pale Ng'iriama kuvuka mwamba.

Maji yetu yakivuka pale yanapita kwa viboko, yanapita Mtera na Kidatu, yanamwagika katika mto Rufiji, yanaingia kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, kisha yanakwenda kwa wakulima wa delta na mikoko yake, mpaka bahari ya Mafia. Mimi bahari sijaifikia. Kila nilipofunga geti vizuri nilijihisi nimepeleka salamu.

Ufunguo wa geti uko kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, umefungwa katika kitambaa cha bluu. Nimeupaka mafuta. Namkabidhi yule mjukuu wa jaruba la kona, na kaka zake wamsikilize. Geti ni zito kidogo upande wa kushoto. Lisukumwe kwa bega kwanza, ndipo gurudumu lizunguke. Mavuno yakishakwisha, aende jioni ya kwanza kabisa, alifunge kabla jua halijachwa. Kisha ashuke chini ya banio, avue viatu, atembee mtoni hatua mia moja. Akirudi na miguu mikavu, ajue kazi haijaisha, alirudie geti.

Babu yenu,
Chimala